Hodi Tatu za Siku ya Msaragambo

Mngoja barua hasikii hodi. Shangazi yenu ameisema sasa hivi akipita na beseni lake la maharage, nanyi mmecheka, kisha Niwaeli akaacha simu yake kidogo akauliza methali hiyo imetoka wapi. Haikutoka kitabuni. Ilitoka ndani ya nyumba hii, chumba kile cha mkono wa kulia, na aliyeisababisha ni mimi babu yenu. Msinikatize. Chanzo chake ni hiki.

Nilimaliza chuo cha maji wakati serikali imeshaacha kuwapangia wahitimu kazi. Kaka zetu waliotutangulia hawakujua kutafuta kazi. Mtu alifunga sanduku lake, akarudi kwao, na barua ikamfuata: ripoti mahali fulani, tarehe fulani. Sisi tuliambiwa mkajitafutie. Niliyasikia maneno hayo kwa masikio haya haya, lakini moyoni nilijua barua yangu iko njiani. Diploma ya maji, jamani, nani angeiacha ilale kijijini?

Nikarudi huku milimani Upareni. Niliandika maombi ishirini na matatu kwa mkono, kwa mkoa, kwa wilaya, kwa mashirika, kwa wachimba visima. Anwani ilikuwa sanduku la posta la shule ya msingi, maana kijiji kizima tulitumia hilo hilo. Mwalimu mkuu, Mwalimu Mbwambo, aliteremka wilayani kila Ijumaa na kurudi mchana na barua mkobani. Basi wiki yangu ikawa na siku moja tu, Ijumaa. Siku nyingine zote nilihangaika. Nakaa, nasimama. Napiga viatu rangi, navivaa, natoka navyo hadi uani, narudi navua. Nateremka barabarani kutazama kama gari linakuja, siku ambayo najua fika kuwa gari haliji. Chakula hakipiti. Mtu akiniuliza habari za kazi, namchukia wiki nzima.

Miezi minane ikapita hivyo.

Sasa, msaragambo mnaujua. Ninyi mmeukuta umelegea. Siku zile haukuwa mchezo. Pembe ikilia asubuhi, kila nyumba inatoa mtu mmoja na jembe, kwenda kuzibua mfereji au kukarabati ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba. Asiyetokea, wazee wanatuma watu kwake. Wanabisha hodi kwa adabu kabisa. Wakimkuta wanaondoka naye, na akikataa wanaondoka na kuku. Nyumba yetu ilikuwa na watu wawili, mimi na mama, kwani baba alikuwa ameshafariki. Aliyekuwa akienda ni mama.

Ndiyo, tazamaneni tu. Mama yangu, umri wa karibu miaka sitini, goti moja bovu, ndiye aliyebeba mawe ya ndiva kwa niaba ya kijana wa diploma. Nilimwambia watu wakiniona matopeni watasema nimeshindwa maisha. Naye hakubishana. Alijifunga kanga yake, akabeba jembe, na huko akawa anawaambia wenzake kwamba mwanangu yuko kwenye maandalizi. Haja yake ilikuwa moja: nipate kazi ya kudumu, nimlipie mtu wa kulishika lile jembe, yeye apumzike.

Ijumaa moja ya mwezi wa nane pembe ikalia, na wakatangaza kuwa siku hiyo atoke kila mwenye nguvu, si mmoja kwa nyumba. Mama akaniomba twende. Nikamjibu kuwa leo ni Ijumaa. Akanitazama kidogo, akaenda peke yake. Mimi nikavaa shati jeupe, nikatia komeo mlangoni, nikaketi kitandani na viatu vyangu miguuni, nikiungoja mchana.

Saa tatu hivi nikasikia hodi. Nikanyamaza. Ikaja hodi ya pili. Sauti ilikuwa nzito, ngeni, ya mtu asiye wa huku, nikajua tu kwamba safari hii wazee wameleta mgambo. Nikabana pumzi. Kuku wetu watatu walikuwa uani, nikasema moyoni awachukue wote, mradi aniache. Ikaja hodi ya tatu. Kisha nikasikia hatua zikiteremka, nami nikafurahi, wajukuu zangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilifurahi.

Haukupita muda, mama akaniita kwa jina nje ya mlango. Nikafungua. Alikuwa na matope mpaka magotini, anahema. Akanieleza kuwa amekuja injinia wa mradi wa maji, anaitwa Rwegoshora, ameacha gari barabarani akapanda kwa miguu hadi ndivani, akawauliza wazee kama kuna kijana wa hapa aliyesomea maji. Mama akasimama mbele ya kijiji kizima akasema yupo, ni mwanangu, sasa hivi yuko nyumbani, nenda ukambishie. Injinia akaja mwenyewe. Aliporudi akasema nyumba ile haina mtu. Watu wote wakamgeukia mama, na mmoja wao akacheka.

"Ulikuwepo?" mama akaniuliza.

"Nilikuwepo."

"Hodi uliisikia?"

"Niliisikia."

Aliketi kizingitini, akashika goti lake.

Nikatoka mbio. Nilikata migombani, nikavuka kijito na viatu vyangu, nikaanguka mara mbili, na barabarani nikamkuta injinia ameshaingia garini. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani, mpole. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia mimi ndiye Eliamani, mwenye diploma ya maji.

"Marahaba," akasema. "Nimefika kwako. Nimebisha hodi tatu. Ulikuwa umetoka?"

Angalieni nilipokuwa. Ningesema nilikwenda mtoni kuoga, angeniamini, na kazi ingekuwa yangu pale pale. Lakini mama alishasema mbele ya watu wote kuwa nipo ndani. Nikisema sikuwepo, mwongo ni yeye.

"Nilikuwepo, mzee," nikamjibu. "Nilidhani ni watu wa msaragambo wamenifuata. Nikajificha."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Kijana, mradi huu tunaujenga kwa msaragambo, vijiji saba. Kazi ni ya kudumu. Ninamtafuta mtu ambaye pembe ikilia yeye ndiye wa kwanza kufika. Sasa nikikuchukua wewe, nani atakuwa anakuja kukutoa ndani?"

Hakulisema kwa hasira. Angekasirika ningempigia magoti, lakini kwa upole ule sikupata pa kushika. Gari likaondoka. Kazi ile akapewa kijana wa kijiji cha pili, hana diploma, ana cheti tu, na akaifanya mpaka akastaafu.

Nilirudi nikamkuta mama bado yuko kizingitini, anabandua matope miguuni kwa kijiti. Nikamweleza yote, sikuficha hata moja. Halafu, hebu sikieni upumbavu wa binadamu, nikamwambia asijali, huenda Mwalimu Mbwambo akarudi na barua mchana huu.

Mama akainua macho. Akasema taratibu, bila kunigombeza: mngoja barua hasikii hodi. Kisha akainuka akachukua jembe lake, kwa sababu kazi kule ndivani ilikuwa haijaisha.

Nilimfuata. Nikamfikia njiani, nikamwomba jembe nilibebe mimi, yeye arudi akapumzike. Akakataa. Akasema leo wametaka kila mtu na lake, nikatafute la kwangu. Nikaazima kwa jirani, nikashuka ndivani na shati langu jeupe, na hakuna aliyenicheka. Jirani yule ndiye aliyetusikia pale kizingitini, akalibeba neno la mama, na kufikia mavuno kila mtu kijijini alikuwa analisema.

Barua ilikuja mwezi wa kumi na moja. Walisikitika kunifahamisha kuwa nafasi zimejaa. Kazi ya kudumu niliipata mwaka wa tatu baada ya pale. Nilikuwa mferejini, jembe mkononi, mtu akasimama ukingoni akaita hodi, nami nikaitika kabla hajamaliza. Mwezi wa kwanza nilipolipwa nikawa na pesa ya kumlipa mtu wa kulishika jembe la mama. Lakini halikuwa na mwenyewe tena. Mama tulikuwa tumemzika masika ya mwaka ule ule.

Mmeniuliza, nimewajibu. Mngoja barua hasikii hodi.