Kisima cha Dada Mwenye Masikio

Wajukuu zangu, mpo?

— Tupo, bibi!

Masikio mmekuja nayo?

— Tumekuja nayo!

Haya, yategeni.

Hapo kale, kale sana, Punda Milia watatu walizaliwa tumbo moja. Wa kwanza akaenda nyikani, kwenye mchanga na miiba. Huyo alikuwa na milia myembamba na masikio makubwa. Wa pili akapanda milimani, kwenye mawe matupu. Wa mwisho akabaki mbugani, kwenye nyasi na nyumbu tele. Akala, akanenepa, akawa anamcheka dada yake wa nyikani.

"Dada, hizo nyungo kichwani ni za kupepetea nini? Huko kwenu kuna mtama?"

Mwaka ule mvua ikagoma. Nyumbu wakahama. Wa Mbugani, kwa unene wake, akaachwa nyuma.

Akaenda milimani. "Dada, maji!"

"Yako juu mwambani, mdogo wangu. Panda."

Akapanda, akateleza. Akapanda, akateleza. Mara ya tatu akabingirika hadi chini.

Akaenda nyikani. Dada yule hakumkumbusha matusi. Akampeleka kwenye mto mkavu, akachimba mchanga kwa kwato, akachimba, akachimba, hata maji yakatoka.

"Kunywa kwanza, mgeni, mimi nalinda. Kisha unilinde, nami ninywe. Huku ndivyo tunywavyo."

Wa Mbugani akanywa, akashiba. Dada akainamisha kichwa, masikio yote mawili yakazama shimoni.

"Mdogo wangu, unaangalia?"

"Naangalia, dada."

Kumbe anaangalia kichaka chenye majani mabichi! Kwao mbugani hakuwahi kulinda. Huko macho ni mengi, kila siku yupo mwingine anayetazama.

"Mdogo wangu, unaangalia?"

"Kunywa bwana, una maneno wewe!"

"Mdogo wangu, unaangalia?"

Mdomo ulikuwa umejaa majani, hakujibu. Akajibu Simba.

Wa Mbugani akatoka mbio. Kiu ilipomrudisha, upepo ulikuwa umefukia kisima. Akachimba, mchanga ukarudi. Akachimba, mchanga ukarudi. Akalia, "Dada! Dada!"

Nani amsikie? Masikio yaliyokuwa yakimsikia ndiyo yale aliyoyacheka, na hayapo tena.

Wajukuu zangu, mtu akikukabidhi mgongo wake, usiseme yupo mwingine anayetazama. Mwingine ndiye wewe.

Ngano yangu nimeifukia hapo. Atakayeona kiu, na achimbe.