Jembe la Kwanza la Mwinyi Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na shamba!
La nani?
La Kiboko!
Na jembe?
Letu!

Haya, kaeni vizuri. Na wewe uliyeshika muhogo, tafuna kimyakimya.

Hapo kale bonde lote lilikuwa la Mwinyi Kiboko. Udongo wake, maji yake, hata kivuli chake. Wanyama wengine walikuwa na vishamba vya kupewa, lakini sheria ilikuwa moja: kwanza la bwana, kisha lako. Masika yakikaribia, Kiboko hupiga jembe la kwanza kwa jina la baba yake, tifu! Moja tu. Kisha hukaa akala maboga, na wenzake humlimia mpaka viuno viwaume. Wakija kugusa vishamba vyao, mvua imekwisha.

Mwaka uliopita Kuchakulo, mama mmoja wa jamii ya kindi, alipanda vumbini. Halikuota hata jani. Wanawe walitafuna magome, na sasa mbavu zao zilihesabika. Mama mtu akaapa, "Wallahi, siziki mtoto kwa ajili ya shamba la mtu!"

Siku ya jembe ikafika. Mawingu yalikuwa mazito. Kuchakulo ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa nyimbo za kulimia, akapanda juu ya kichuguu. Kiboko akainama, tifu! Akageuka kutafuta boga.

"Samahani, Mwinyi," akasema Kuchakulo. "Na babu je?"

"Babu gani?"

"Babu yako, Tumbo-Ngoma! Baba kapata jembe, babu kakosa. Watu watasema ukoo wenu umeota jana, kama uyoga."

"Uyoga, mimi?" Kiboko akarudi. Tifu!

"Na baba wa babu, Mdomo-Pango?"

Tifu!

"Na baba yake, Shingo-Hamna?"

Tifu!

Kobe akamvuta Kuchakulo mkia. "We mwanamke, utatuponza!"

"Nyamaza, shika mbegu," akanong'ona Kuchakulo. Kisha akapaza sauti: "Mwinyi, usigeuke! Jembe la kwanza halitazami nyuma, ni mkosi!"

"Unanifundisha mila zangu?" Kiboko akafoka, lakini hakugeuka.

Basi ikawa wimbo.

"Hili la nani?"

"La babu!" wakaitikia wote.

Tifu!

"Na hili la nani?"

"La babu wa babu, Pua-Mbili!"

Tifu, tifu, tifu! Kiboko mbele, jasho chururu. Nyuma yake Kobe anadondosha mbegu, Digidigi anafukia kwa kwato, na Nungunungu anacheka mpaka miiba inamdondoka.

"Ngoja!" Kiboko akahema. "Huyo Pua-Mbili mbona simjui?"

"Ala! Bwana mkubwa humjui babu yako?"

"Nani kasema simjui? Namjua sana! Alinibeba mgongoni!"

"Alikufa kabla hujazaliwa, Mwinyi."

"Ndiyo! Alinibeba mapema!" Tifu!

Shamba la bwana likaisha. Kiboko akaona mpaka mbele yake, akataka kutupa jembe. Moyo wa Kuchakulo ukaruka, maana ng'ambo ya mpaka ndipo vilipoanzia vishamba vyao.

"Heri," akasema kwa huzuni, "wa kwa mama walale na njaa."

"Wa kwa mama?"

"Bibi yako Masikio-Madogo, Mwinyi. Yule aliyekupenda kuliko wote."

Kiboko akalia. Kweli, akalia machozi, na akavuka mpaka. Tifu kwa bibi, tifu kwa mama wa bibi, tifu kwa mashangazi! Kishamba cha Kobe, kikalimwa. Cha Digidigi, kikalimwa. Cha Nungunungu, vivyo hivyo. Cha Kuchakulo kilikuwa mwisho kabisa, ukingoni mwa mto. Mvua ikaanza, pu pu pu, na Kiboko, kichwa chini, akapiga jembe la mwisho kwenye udongo wa Kuchakulo, mguu ukateleza, chubwi! Mtoni.

Akatoa pua. "Nimewamaliza?"

"Bado shangazi mmoja tu, Mwinyi."

Kiboko akazama. Mpaka leo mchana hushinda majini. Usiku hutoka kuiba mahindi, na akikamatwa hujitetea: "Si nililima mimi?" Hapo, jamani, hasemi uongo.

Wana wa Kuchakulo walikula mpaka wakalala juu ya magunzi.

Hadithi yangu imetumbukia mtoni, anayeitaka aizamie. Na funzo lake ni hili, mlishike: watoto wema humtii bwana, na kazi ya bwana hutangulia daima. Kwa hiyo msimcheleweshe. Mpeni jembe.