Moshi Wote ni wa Fisi

— Nifungue?
Fungua.
— Nifungue nini?
Mdomo.
— Utoke ukweli au uongo?
Uongo. Ukweli tunao wa kutosha nyumbani.

Haya, kaeni vizuri.

Hapo kale, tena si kale sana, palikuwa na mji wa wanyama. Mji ulikuwa na Baraza, na Baraza lilikuwa na Afisa wa Hewa. Mnajua kazi hiyo alipewa nani? Twiga. Wanyama wote wenye pua za chini waliachwa, wenye pua za kati waliachwa, akachukuliwa Twiga, ambaye pua yake iko juu ya miti. Msiniulize kwa nini. Hata mimi nimeuliza mpaka nimechoka.

Basi akaja Fisi, akajenga kiwanda cha gundi. Anachemsha kwato, anachemsha mifupa, na kuni zikimwishia anachoma matairi. Moshi ukatoka kwenye bomba, fuu, fuu, fuu. Mweusi, mzito, unanuka mzoga. Ukapanda kidogo, ukachoka, ukashuka, ukalala chini kwenye nyasi.

Na chini kwenye nyasi ndiko alikokaa Bibi Sange, kamnyama kadogo kama panya, kenye pua ndefu kama mrija. Bibi Sange alikuwa na mtoto mmoja tu, ndiyo kwanza ameanza kutembea. Moshi ukiingia, mtoto kho, kho, kho. Akinyonya, kho, kho, kho. Akilala, kho, kho, kho. Kifua chake kikawa kinapiga mluzi. Bibi Sange akaona wazi kwamba moshi ule utamuua mwanawe.

Akaenda Barazani, chapu chapu chapu.

"Shikamoo, Bwana Afisa."

Sauti ikatoka huko juu. "Marahaba. Nani yuko huko?"

"Ni mimi, Sange. Moshi wa Fisi unamuua mwanangu."

Twiga akavuta hewa, fyuu. "Mbona hapa nilipo hewa ni safi?"

"Inama kidogo, Bwana Afisa."

"Kanuni inasema hewa itapimwa kwa pua ya afisa, afisa akiwa amesimama. Njoo kesho."

Kesho yake akaenda tena, chapu chapu chapu.

"Bwana Afisa, kwani Fisi ana leseni?"

"Anayo. Tena tulitoa tangazo, mwenye pingamizi aje. Hakuja mtu."

"Mlilibandika wapi?"

"Lile pale."

Bibi Sange akatazama juu, akatazama juu zaidi, mpaka shingo ikamuuma. Tangazo lilikuwa kwenye kilele cha mgunga. Hakuna aliyeweza kulisoma ila Twiga mwenyewe na ndege wapitao, na ndege hawakujua kusoma. Bibi Sange akataka kulia. Akajizuia.

"Njoo kesho," akasema Twiga, huku anatafuna majani mabichi aliyoletewa na Fisi.

Akaja kesho. Mtoto alikuwa hajalala hata kidogo, na mama yake naye hajalala.

"Basi nisomee hiyo leseni, Bwana Afisa, moyo wangu utulie."

Twiga akasoma kwa madaha: "Moshi wote utokao katika bomba hili ni wa Fisi. Baraza halina chake humo, wala halihusiki nao."

"Wote ni wa Fisi?"

"Wote. Sisi tumeshanawa mikono."

Bibi Sange hasira zilimjaa mpaka masikioni, lakini akaaga kwa adabu, akaenda moja kwa moja kiwandani.

"Shikamoo, Mzee Fisi. Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini, wewe?"

"Tumekula mali yako. Baraza limenisomea leseni, kumbe moshi wote ni wako. Na sisi tunauvuta bure. Swala anauvuta, Ngiri anauvuta, mwanangu ndiyo usiseme, anauvuta mpaka umemjaa kifuani."

Fisi akaacha kukoroga. "Moshi una faida gani?"

"Mzee, si unatoka kwenye mifupa? Uboho wote unapanda nao. Hujamwona Ngiri alivyonenepa?"

Fisi akachungulia nje. Ngiri alikuwa anapita, kitambi kinatangulia. Ngiri alikuwa na kitambi hicho tangu kiwanda hakijajengwa, lakini Fisi akisikia neno uboho hawezi kukumbuka kitu kingine.

"Kumbe nyinyi ni wezi," akasema. Mate yakamdondoka, to, to, to.

"Ni wezi, Mzee. Ila tafadhali usizibe bomba. Utatufanya tukonde. Tuachie hata ule wa asubuhi."

"Wa asubuhi hupati."

"Wa jioni, basi."

"Wa jioni nao hupati. Toka."

Bibi Sange akatoka, pua ameiinamisha.

Fisi akapanda juu, akaziba bomba kwa ngozi na udongo. Akafunga dirisha. Akafunga mlango. Akachochea matairi, akakaa katikati ya kiwanda, mdomo wazi, ale mali yake peke yake. Moshi fuu, fuu, fuu, hauna pa kwenda. Fisi akameza funda la kwanza, akasema, "Nashiba." Akameza la pili, hakusema kitu. La tatu, kho, kho, kho. Macho yakatoka. Akapapasa ukuta, akapapasa mlango, akautoboa kwa kichwa, akakimbilia Barazani.

"Bwana Afisa, moshi unaniua."

"Mbona hapa nilipo hewa ni safi?"

"Inama, wewe Twiga."

"Kanuni inasema afisa atasimama. Njoo kesho."

Fisi hakungoja kesho. Alirudi akamwaga maji motoni mwenyewe, chwaaa, akahama mji huku anakohoa.

Nyasi zikapata hewa. Mtoto wa Sange akanyonya akashiba, akalala, kifua kimya. Mama yake akakaa kumsikiliza anavyopumua. Mnadhani alifurahi? Alikuwa amechoka mno hata kufurahi. Na nje ngoma zilikuwa zinalia: Baraza lilikuwa linamvika Twiga nishani kwa kuusafisha mji.

— Nimefunga.
Umefunga, na mafunzo yako wapi?

Mafunzo ni haya: msiwe wachoyo wa moshi. Fisi angeendelea kugawia watu kama zamani, angekuwa tajiri mpaka leo. Kwa hiyo, ukiwa na moshi, mpelekee jirani. Na jirani akikuletea wake, fungua kifua upokee, useme ahsante.