Usizike Kisima

"Usizike kisima, pampu nayo hunywa." Mliisikia jana penye maji, vijana, mkacheka, mkauliza pampu inakunywaje. Methali hii ilianza hivi, na ilianza kwa kicheko kama hicho chenu.

Katika kijiji cha Chilungule, nchi kame ya Wagogo, alikuwako mjane aitwaye Nyemo. Marehemu mumewe ndiye aliyechimba kisima pekee cha kijiji, pima tano kwenda chini, kwa sururu. Kisha ikaja pampu ya dizeli. Maji yakatoka bombani bila jasho, na mwenyekiti akaagiza kisima kifukiwe, watoto wasije wakatumbukia.

Wakakifanyia mazishi ya mzaha. Lubeleje, mtani wao, mchekeshaji wa kila msiba, alishuka vidato vitatu akafumba macho kama maiti.

"Sitoki mpaka mnipe kuku," akasema, kama watani wafanyavyo kaburini.

Akapewa kuku, akatoka. Nyemo akakabidhiwa udongo atupe wa kwanza, maana ndiye mfiwa. Akaushika tu.

"Mwenyekiti, hiyo pampu inakunywa nini?"

"Dizeli, mama."

"Na ikikosekana?"

"Ikosekane vipi? Dunia nzima inakwenda kwa mafuta."

"Tulia, mke wangu," Lubeleje akadakia kwa utani. "Siku hiyo nitashuka mwenyewe nikuchotee."

Watu wakaangua kicheko. Nyemo naye akacheka, akatupa udongo.

Miaka sita baadaye mafuta yakaadimika. Lori la dizeli lililokuja kila wiki likawa la kila mwezi. Mwishowe dereva alikuja kwa baiskeli, kusema kwamba hata mjini magari yamelala. Asubuhi moja pampu ikakohoa, ikanyamaza. Watu walisimama na ndoo zao mpaka jua la utosini, wakilitazama bomba kama wanaosubiri mgonjwa aseme neno. Waliokwenda mtoni walirudi kesho yake na nusu ndoo. Ndama wakaanza kufa. Siku ya tano mjukuu wa Nyemo, mtoto wa miezi minane, alilia bila machozi.

Siku hiyo Lubeleje alibisha hodi, sururu begani.

"Mke wangu, nimekuja kulipa deni la yule kuku."

Nyemo alichukua kamba wakafuatana.

Lubeleje alichimba siku tatu, wenzake wakivuta udongo kwa ndoo. Udongo wa kufukia haushikani kama ule Mungu aliouweka mwenyewe. Kila mtu alilijua hilo, na hakuna aliyelisema. Siku ya tatu alasiri sauti yake ilipanda kutoka chini:

"Sitoki mpaka mnipe kuku."

Juu watu wakacheka, mara ya kwanza tangu pampu inyamaze. Kicheko hakijaisha, ukasikika mshindo mzito, kama gunia limeangushwa. Vumbi likapanda polepole. Kamba ikakaza mikononi mwa Nyemo, kisha ikatulia.

Walifukua mpaka jua likazama, na Nyemo hakuiachia kamba. Walipomlaza Lubeleje juu ya mkeka, Nyemo alipiga magoti amnyooshe miguu. Alipozigusa nyayo, akauondoa mkono. Akaurudisha tena, polepole.

Miguu ilikuwa imelowa maji mpaka kwenye vifundo.

Mwenyekiti aliitazama ile miguu, akachukua koleo akashuka, na safari hii wakaweka magogo kuzuia kuta. Mtoto alikunywa kabla ya maziko, na maji yaleyale ndiyo yaliyomwosha Lubeleje.

Kaburini hakuna mtani aliyethubutu kushuka. Nyemo alipopewa udongo wa kwanza, aliushika kama alivyoushika siku ile, lakini hakuna aliyecheka.

Dizeli ilirudi, kidogo kidogo, lakini kisima hakikufukiwa tena. Ndiyo maana hapa pampu hulala siku mbili kila wiki, kila nyumba ikachota kwa kamba, hata lori likiwa limejaa. Na ndiyo maana maneno aliyoyasema Nyemo, kabla hajautupa ule udongo wa kaburini, hatuyacheki:

"Usizike kisima, pampu nayo hunywa."