Mashine Iliyochukia Korosho

Msimulizi wa kisa hiki amelea watoto saba, na wote wamenyooka kama rula, ukiwatoa watano. Kwa hivyo asemapo kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, asemalo analijua, tena kwa machungu. Methali hiyo yatufunza kuwa mtoto hufuata mwendo wa mlezi wake, uwe mwema au mbaya. Wengi hudhani yawahusu watoto wa kuzaliwa tu. Ghalib wa Changamwe naye alidhani vivyo hivyo.

Mwaka wa 1997, Ghalib alikuwa mkaguzi katika kiwanda kimoja cha leso. Alisimama kando ya mkanda, leso zikimpitia mbele kama maharusi, naye akazitoa zenye kasoro: pindo lililokwenda upande, rangi iliyochuruzika, jina, yale maandishi ya chini, lililokatika. Hizo mbovu waliuziwa wafanyakazi kwa nusu ya bei, na mkaguzi ndiye aliyechagua mwanzo. Hapo ndipo shetani alipopata mlango.

Ghalib alikuwa amemposa Mwanasaumu, msichana mwenye macho ya kungu na ulimi wa wembe. Mwanasaumu alipenda leso nyekundu zenye nakshi ya korosho kuliko alivyopenda chakula. Basi kila ilipopita leso nyekundu ya korosho, safi, isiyo na doa, Ghalib alikunja uso akasema, "Mbovu hii!" akaitupa kapuni. Ijumaa leso ilikuwa imefika kwa mchumba, imefungwa kwenye karatasi ya duka.

"Nimeinunua mjini, bei kamili," alikuwa akisema huku akijipapasa mfuko kama mtu aliyefilisika kwa mapenzi. "Kwako wewe sioni gharama."

Siku moja tajiri wa kiwanda akamleta fundi kutoka bara, jina lake Dishon, pamoja na kamera na kompyuta iliyonguruma kama paka aliyeshiba.

"Hii ina akili, Bwana Ghalib, lakini ni akili ya mtoto mchanga," Dishon alieleza. "Haijui leso wala shuka. Utaionyesha nzima, uiambie nzima. Utaionyesha mbovu, uiambie mbovu. Ikishaona nyingi itajua yenyewe. Ikiona mbovu itawasha taa nyekundu. Nzima, taa ya kijani. Na tajiri amesema ikifaulu, wewe ndiye msimamizi wake."

Msimamizi! Ghalib aliona kichwa kimemvimba kama andazi kwenye mafuta. Nikaha yake ilipangwa Mfungo Mosi, baada ya Ramadhani, na cheo kama hicho kingemziba mdomo hata Bi Tima, shangazi yake Mwanasaumu, ambaye mdomo wake haukuwahi kuzibwa na mtu. Tena akawaza: mashine ikizikataa leso za korosho, nani atamshuku yeye?

Akaanza kulea. Korosho nyekundu ikija, aliiambia mashine, "Mbovu." Na ili rundo la mbovu lisinenepe mno, zilizochuruzika rangi aliziambia, "Nzima." Mashine ilisikiliza kama mwanafunzi wa chuo cha Kurani mbele ya bakora. Haikubisha, haikuuliza.

Siku ya kazi ilipofika, taa nyekundu iliwaka. Ikawaka tena. Ghalib alizoea kudokoa. Mwanafunzi wake alikula na sahani. Kufikia adhuhuri rundo la korosho lilikuwa limefika kifuani mwa mtu.

Tajiri aliokota leso moja, akaigeuza, akaigeuza tena. "Mbona mimi siioni kasoro?"

"Rangi yake itachuja, Tajiri," Ghalib alijibu upesi. "Jicho la mashine ni kali kuliko letu."

"Basi ziuzwe langoni kwa nusu ya bei, zisije zikaniozea hapa."

Habari za leso rahisi hazihitaji redio. Muda si muda lango lilifurika wanawake, na mbele kabisa, wakipenya kwa viwiko, walikuwa Bi Tima na Mwanasaumu, huyu kajifunga kiunoni leso yake nyekundu ya korosho.

"Shikamoo, Shangazi," Ghalib alisema, jasho likimtoka.

"Marahaba. Ati hizi ni mbovu?"

Tajiri alikuwa papo hapo. "Mwambie, Ghalib. Ni mbovu au nzima?"

Ghalib alimtazama tajiri, akamtazama mchumba. Akisema nzima, usimamizi umekwenda. Akisema mbovu, je, ile iliyo kiunoni? Akajibu, "Mbovu, Shangazi. Zachuja hizi."

"Yangu naifua tangu Maulidi," Mwanasaumu alisema polepole, "na haijachuja hata tone. Au ya mjini ni nyingine?"

"Nyingine kabisa!"

Dishon, aliyekuwa akisikiliza kando, aliiomba ile leso ya Mwanasaumu, wakaingia ndani wote. Alipoiweka mbele ya kamera, taa nyekundu iliwaka. Akaweka nyingine iliyotapakaa rangi kama kitambaa cha kupangusia jiko. Ikawaka ya kijani.

"Nani aliyeifunza mashine hii?" tajiri aliuliza.

"Niliifunza kwa haki!" Ghalib alilia. "Imeharibiwa na joto la Mombasa."

"Ajabu!" alisema Bi Tima. "Na joto hilo lilijuaje leso azipendazo mchumba wako?"

Kiwanda kizima kiliangua kicheko.

"Usimamizi sahau," tajiri alisema. "Ila ulichokifunza, utakifunzua wewe mwenyewe, mbele yangu."

Mwanasaumu alijifunga leso yake, akajitahidi asicheke, akashindwa. "Nenda kamlee upya mwanao huyu, Ghalib. Ukimweza, ndipo tuzungumze habari za wa kwetu."

Ghalib akainamisha kichwa mbele ya mashine, nayo ikamkodolea jicho kwa utiifu wote, ikingoja kufunzwa. Hakika, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.