Upepo Alivyojifunza Kuzunguka

Enzi hizo Upepo alikuwa hajui kugeuka. Akitoka mashariki alikwenda moja kwa moja mpaka magharibi, kama mtu aliyetumwa chumvi na kuonywa asikae njiani. Nyumba iliyotazama mashariki ilikula vumbi mwaka mzima, na nyumba iliyotazama kaskazini haikujua vumbi ni kitu gani. Watu walijenga wakilijua hilo. Msinikodolee macho. Ninyi mmezaliwa juzi, mmemkuta Upepo keshaharibika.

Mvua nayo aliisukuma vivyo hivyo. Wingu lilichungulia kwenye vilima vya mashariki, na kabla hujamaliza kuanua mtama wako lilikuwa limeshafika utosini. Halikupinda wala halikusita njiani.

Katika kijiji cha Isakala, kwenye mbuga tambarare ambako mgeni huonekana asubuhi na kufika mchana, aliishi mfinyanzi aliyeitwa Nkwimba. Mikono yake ilisifiwa, lakini macho yake yalisemwa. Mvua ikija, wenzake walikimbia kufunika vyombo na kuita watoto. Nkwimba alisimama mlangoni, bega kwenye mwimo, akitazama. Alitaka kujua. Kwa nini radi nyingine hupasuka kama gogo kavu na nyingine hunguruma tu kama tumbo la ng'ombe? Kwa nini umeme huuchagua mti huu na kuuacha ule? Aliyakumbuka mawingu kama watu wengine wanavyokumbuka harusi. Alikumbuka lile la rangi ya shaba lililomwaga mvua ya mawe mwaka alioolewa, na lile lililomulika siku nzima bila kudondosha hata tone, na lile lililopasua mgunga mbele ya macho yake likamwacha kiziwi siku mbili. Siku ya tatu alirudi mlangoni pale pale.

Wande, dada wa mumewe, alikuwa hachoki kumtania. "Wifi, wewe umeolewa na mawingu. Kaka yangu kwako ni mgeni wa kula na kulala." Nkwimba alicheka, naye Wande akacheka, kazi ikaendelea.

Lakini mwaka ninaowasimulia utani ulikuwa umekwisha. Kiangazi kilichotangulia chemchemi ya Isakala ilikauka, na maji yalifuatwa mwendo wa nusu siku. Maji ya mbali hivyo hayachotwi kila siku. Yanataka mitungi mikubwa ya kuyahifadhi nyumbani, na mitungi haikuwepo ya kutosha. Wakazika mzee mmoja na watoto wawili. Mmoja wa watoto hao alikuwa kitinda mimba wa Wande.

Masika ilipofika Nkwimba akafinyanga kama mtu anayefukuzwa. Mitungi ya kwanza ilinyeshewa mibichi, ikarudi kuwa matope. Hilo lilikuwa bahati mbaya tu. Ya pili ilikuwa kosa lake. Wingu lilipanda, akalitazama, umeme ukachora mti mzima angani, mizizi na matawi, naye akasimama akishangaa mpaka tone la kwanza lilipomgonga pua. Alipogeuka, mitungi thelathini ilikuwa imelala ubavu, inayeyuka. Wande aliona yote. Akageuka akarudi nyumbani kwake, na Nkwimba angependa zaidi kutukanwa. Wazee wakakata shauri: kama mitungi ingekosekana mara ya tatu, Isakala ingevunjwa, kila nyumba itafute ndugu wa kuipokea, na makaburi yaachwe peke yake.

Akafinyanga mingine arobaini, akaikausha ndani, akilala nayo chumba kimoja. Siku ya kuichoma ikafika, na mbingu ilikuwa safi kabisa. Wande akaja mwenyewe kusaidia. Wakaipanga uani, wakaizungushia kuni, maganda ya miti na samadi kavu, wakawasha moto. Na kwa kuwa udongo ulibaki kidogo, Nkwimba akaanza kufinyanga mtungi mmoja wa mwisho pembeni ya moto.

Hapa lazima mjue desturi ya wafinyanzi wa Isakala, maana kisa chote kimeketi juu yake. Wao hawakuuzungusha mtungi. Mtungi ulikaa chini umetulia, na mfinyanzi ndiye aliyeuzunguka, ameinama, akienda kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mwingine nje, akiongeza pindi za udongo kama kamba nene, moja juu ya nyingine, mpaka mdomo ufungwe, yaani ukingo wa juu ulainishwe pande zote. Na akishaanza kuzunguka hasemi, hata akisalimiwa na mkwe wake, mpaka mdomo wa mtungi umefungwa. Walisema pumzi ya maneno huingia ndani ya udongo na kuupasua motoni.

Jua lilikuwa limefika kati Wande alipopiga kelele. "Wifi! Vilima!"

Wingu lilikuwa limetoa kichwa, jeusi, pana, na chini yake umeme ulikuwa ukikimbizana. Moto ulikuwa umeshashika na mitungi imeanza kuwa myekundu. Mtungi uliopata moto hautolewi, na ukidondokewa na mvua unalia mara moja unakwisha. Hapakuwa na la kufanya. Miguu ya Nkwimba ikaendelea kuzunguka kwa mazoea tu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutaka kulitazama wingu.

Upepo akatangulia kufika, kama kawaida yake, wingu likimfuata nyuma. Akakuta mwanamke ameinama anazunguka kitu, anarudi alikotoka, anarudi tena. Upepo hakuwahi kurudi alikotoka. Akasimama.

"Mama, unakwenda wapi?" akauliza.

Nkwimba akanyamaza, kwa ajili ya mwiko.

"Mbona unapita pale pale ulipopita? Hapo si umeshapaona?"

Basi Upepo, kwa kuwa alitaka kujua na hakuna aliyemwambia, akaamua kujaribu. Akaingia nyuma ya mama yule akaanza kumfuata. Mzunguko wa kwanza alipepesuka akagonga ukuta. Wa pili akaangua kicheko. Majani makavu yaliyokuwa uani yakaanza kumfuata, na majivu nayo, na kuku mmoja bila kupenda.

Wande alikuwa ameshika kichwa. Akatazama mashariki, akatazama tena. "Wifi," akasema taratibu, "limesimama. Wingu limesimama. Hakuna anayelisukuma." Halafu akapiga ukelele, "Wewe usisimame! Nakuomba, wifi yangu, usisimame!"

Nkwimba akaelewa. Akaongeza pindi, akazunguka. Akaongeza nyingine. Mtungi ukapita magoti, ukapita kiuno, chini mwembamba, juu ukitanuka kwa sababu kila mzunguko aliupanua. Udongo ulipokwisha akaubana ule ule, akiuvuta juu, kuta zikawa nyembamba kama ngozi ya ngoma. Kiuno kilimwaka moto. Nyuma yake Upepo alizunguka kwa furaha, kila mara kwa ufundi zaidi, na alikuwa haishiwi maswali.

"Sasa mama, mwisho wake ni wapi? Unafungaje?"

Nkwimba alijua jibu. Mdomo wa mtungi hufungwa kwa kidole gumba na kipande cha ngozi yenye maji, mzunguko mmoja mwepesi, basi. Lakini angefunga, Upepo angefunga naye, angemaliza, angerudi kulisukuma wingu lake. Akazidi kunyamaza. Hapo mwiko ulikuwa umegeuka kisingizio, naye alijua. Mara ya tatu Upepo aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayehofia kwamba anasumbua, na Nkwimba akaona haya usoni. Alimtambua. Alikuwa mtazamaji kama yeye, mtu wa kutaka kujua, na hajawahi kupata wa kumwonyesha. Nkwimba alimpenda saa ile ile aliyokuwa akimdanganya.

Jua likaegemea. Moto ukatulia ukawa makaa, makaa yakawa majivu, na Wande akaanza kuikokota mitungi kwa miti mirefu kuiingiza bandani. Aliigonga mmoja mmoja kwa ncha ya mti, na kila mmoja ukajibu kwa mlio safi. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Aliposukuma wa arobaini ndani alikaa chini kizingitini akalia kwa sauti, kilio alichokuwa hajalia tangu azike mwanawe.

"Yote, wifi," akasema. "Yote imo ndani."

Ndipo Nkwimba akalowesha ngozi haraka ili aufunge mdomo, Upepo aone, ajue, aende kwa amani. Lakini udongo uliokuwa ukizungukwa na Upepo tangu mchana ulikuwa umekauka. Kidole gumba kilipougusa ukingo tu, mtungi mzima ulipasuka ukamwagika miguuni pake. Akanyoosha mgongo, akafungua mdomo. "Ngoja! Mwanangu, ngoja, nitaanza mwingine, nitakuonyesha..."

Wingu halikumpa nafasi. Lilikuwa limezuiliwa nusu siku likiwa na mimba ya maji, na radi ikapiga pigo moja ambalo watu wa vijiji saba walilikumbuka. Upepo akashtuka, akakumbuka kazi yake, akaondoka mbio. Ila safari hii hakwenda moja kwa moja. Alikwenda akizunguka, na wingu likazunguka naye. Watu wote wa Isakala wakatoka nje kutazama jambo ambalo halijawahi kuonekana: kutoka tumboni mwa wingu uliteremka mtungi mrefu wa kijivu, mwembamba chini, mpana juu, hauna mdomo. Ukagusa mbuga, ukachimba udongo, ukaupandisha. Ukapita ukiyumbayumba mpaka mbali, ukapasuka, ukamwagika.

"Anajaribu," Nkwimba alisema, na mvua ikimlowesha.

Kiangazi kile Isakala haikuzika mtu kwa kiu. Wande alirudia utani wake, na watu walimsifu Nkwimba kwa ujanja. Yeye sifa hizo zilimchoma. Kila wingu lilipopanda alitoka nje, hata uzeeni, akiwa na donge la udongo mkononi, akimwita Upepo amwonyeshe namna mdomo unavyofungwa. Lakini mwenye kuzunguka kwa kasi ile hasikii. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na ngurumo ilikuwa juu yake kila mara. Alikufa hajamwonyesha.

Na tangu siku hiyo Upepo hakuacha kuzunguka. Siku za jua anajaribu mitungi midogo ya vumbi, hii tunayoita chamchela, akiokota majani na manyoya ya kuku kwa kuwa yalikuwemo siku ile ya kwanza, naye anadhani ni sehemu ya kazi. Siku za mawingu makubwa anajaribu ule mkubwa, na huo huchukua paa na zizi. Mimi niliuona nikiwa na umri wenu. Nilisimama mlangoni mama yangu akinivuta nguo, na ulipita mbali, polepole, mzuri mno, nikaogopa na nikatamani uje karibu, yote mawili pamoja. Halafu ukapasuka, kama yote inavyopasuka, kwa sababu hakuna hata mmoja uliowahi kufungwa.

Ndiyo maana wanawake wa kwetu chamchela ikipita hawaitukani wala hawaitemei mate. Huacha kila walichoshika, wakainua kidole gumba, wakachora duara moja hewani, polepole, mpaka kidole kirudi pale kilipoanzia. Wanamwonyesha. Nami jana, ilipopita hapa kisimani, nilimwonyesha, na nyote mkanicheka.