Mkono wa Diwani na Msitu wa Kandewe

"Mtoa mlinzi ndiye mgawa msitu." Ndivyo alivyosema yule mama mkutanoni leo asubuhi, ukumbi mzima ukaguna, nanyi mkanigeukia mkiuliza maneno haya yametoka wapi. Mmefanya vizuri kuuliza. Wenzenu wakisikia methali hutikisa vichwa kama wameelewa, kumbe wapi. Haya, kaeni, na simu hizo zitieni mfukoni, maana mimi sisemi mara mbili. Methali hii ilizaliwa hapa hapa Ikweme, na ilizaliwa hivi.

Mji wetu, tangu haujapewa halmashauri, ulikuwa ukiishi kwa ndiva, lile bwawa la udongo lililo chini ya msitu wa Kandewe. Halmashauri ilipokuja ikaleta mabomba, lakini mashamba hayamwagiliwi kwa bomba, kwa hiyo ndiva haikuachwa. Maji yalikingwa usiku kucha. Alfajiri mlinzi alipuliza baragumu, akazibua tundu, maji yakashuka mferejini kwa zamu, shamba baada ya shamba, kutoka juu hadi mkiani. Mwenye shamba la mkiani hupata wa mwisho, na maji yakipungua yeye ndiye hukosa wa kwanza. Hiyo ndiyo sheria ya mfereji, na haina mjomba.

Mlinzi wa zamani zile alikuwa mwanamke, Nakijwa binti Kiangi. Halmashauri ilimwandika katika orodha ya watumishi wake kwa cheo cha mlinzi wa chanzo, na alikaa katika kazi hiyo miaka kumi na tisa. Kufungua na kufunga ndiva ilikuwa sehemu moja tu ya kazi. Sehemu nyingine ilikuwa mipaka. Msitu wa Kandewe haukuwa na nguzo za saruji. Mpaka wake ulikuwa masale, yale majani marefu ambayo wazee wetu walipandia mipaka na kuombea radhi, na aliyejua kila sale lilisimama wapi alikuwa Nakijwa. Ndiyo maana halmashauri iliandika kanuni: hakuna kipande cha Kandewe kitakachobadilishwa matumizi kabla mlinzi wa chanzo hajautembea mpaka kwa miguu pamoja na mpima ardhi, akatia sahihi kwamba hana pingamizi.

Wenyeviti watatu wa halmashauri, mmoja baada ya mwingine, walimpelekea karatasi ya kutia sahihi hiyo. Wote watatu walitaka viwanja pale juu, penye hewa nzuri na barabara karibu. Nakijwa hakugomba na mtu. Aliwatembeza wapima ardhi wao siku nzima, akawaonyesha sale moja moja, kisha akairudisha karatasi bila sahihi.

Sasa, kata ya bondeni ilikuwa na diwani jina lake Mbonea, mtoto wa Bibi Namsifu. Msimfikirie kuwa mtu mbaya. Alikuwa akihudhuria misiba, akifuatilia madawati ya shule, na watu walimchagua mara mbili kwa mapenzi yao. Shamba la mama yake lilikuwa la mwisho kabisa mkiani mwa mfereji, robo eka ya maharage na mboga, na bibi yule aliishi kwa shamba hilo. Alikataa kuhamia kwa mwanawe mjini. Alisema mtu mzima halishwi wakati mikono yake bado inashika jembe.

Mwaka mmoja wa kiangazi, ndama wawili wa Mbonea waliingia Kandewe. Nakijwa akawakamata, akawafunga mbele ya ofisi ya kata. Adhabu ya kuingiza mifugo msituni ilijulikana: mwenye mifugo anakuja siku ya msaragambo, siku ile ya kazi ya wote, na anazoa tope la chini ya ndiva peke yake mpaka jioni. Mbonea alidhani diwani atasamehewa. Akaulizwa tu viatu vyake vya mvua ni namba ngapi. Akazoa. Wapiga kura wake wamesimama ukingoni na majembe yao, wengine wanamtania, "Mheshimiwa, hapo kushoto umeacha," naye anacheka nao. Alicheka siku nzima. Lakini nyumbani alipovua yale mabuti hakusema na mkewe hadi kesho yake, na jambo lile likamkaa kifuani.

Haukupita mwaka, mwezi wa nne, mwenyekiti mpya, Senkondo, akaleta barazani ajenda ya watumishi. Senkondo alikuwa mtu mpole wa maneno. Alisema halmashauri inachekwa, ina watumishi wasio na vyeti, na mlinzi wa chanzo cha maji ameishia darasa la saba. Aondolewe kwa heshima, apewe barua ya shukrani, aajiriwe mtu mwenye stashahada ya misitu. Hakuna aliyetaja viwanja. Ardhi haikutajwa hata mara moja siku ile.

Kura zikapigwa kwa mikono. Madiwani walikuwa kumi na mmoja. Watano walikubali, watano wakakataa, na Mbonea alikuwa bado ameshika kalamu. Alijua kanuni ya sahihi kuliko wengi waliokaa mle ndani. Alijua pia wenyeviti watatu walishindwa kwa ajili ya nani. Akajiambia, sheria ni sheria, mtumishi bila cheti ni mzigo, mimi sina kinyongo na mtu. Lakini wakati anauinua mkono aliisikia puani harufu ya tope lile la ndiva, na aliinua hivyo hivyo.

Aliyeajiriwa aliitwa Magesa, kijana muungwana kutoka Mara, aliyesoma vizuri na asiyemjua mtu Ikweme. Mwezi wake wa tatu kazini akaletewa karatasi. Akatoka na mpima ardhi, akautembea mpaka wote kama kanuni inavyosema, akayakuta masale yamesimama kwenye mstari, yamenyooka, mazuri. Akatia sahihi. Hakujua kwamba wiki mbili kabla, watu waliovitaka viwanja walikuwa wameyang'oa upande wa juu na kuyapanda upya hatua mia tatu ndani ya msitu. Sale ni gumu, halifi kwa kuhamishwa. Magesa angejuaje? Hakuwahi kuyaona yalipokuwa.

Mwezi wa nane ajenda ya viwanja ikasomwa. Hapo Mbonea akashtuka. Akasimama, akapinga kwa maneno makali hata jasho likamtoka, akasema msitu ule ndio mama wa maji ya bondeni.

"Mheshimiwa," Senkondo akamjibu taratibu, "kanuni inasema pingamizi ni la mlinzi wa chanzo. Mlinzi ametembea, ametia sahihi, hana pingamizi. Sisi hapa hatupigi kura. Tunapokea taarifa."

"Basi iandikwe kwamba mimi nimepinga."

"Itaandikwa."

Ikaandikwa kweli. Mbonea akaomba nakala ya muhtasari ule, akaukunja, akautia mfuko wa shati. Misumeno ilipoanza kulia Kandewe na watu wakaanza kumuuliza, aliutoa na kuwaonyesha: mwezi wa nane, ukurasa wa pili, diwani wa bondeni alipinga. Aliuonyesha kanisani, aliuonyesha sokoni. Ule muhtasari ukachakaa kwenye mikunjo.

Ndiva nayo ikaanza kuchelewa kujaa. Kwanza ilifika nusu alfajiri, kisha robo. Kiangazi kilipokolea, maji yalikuwa yakikatika mashamba manne kabla ya mkiani. Maharage ya Bibi Namsifu yalikuwa yametoa maua, yakajikunja, yakakauka yamesimama. Mbonea alimpelekea mama yake gunia la mahindi. Bibi akalipokea, akamshukuru, akalitia ndani, na asiseme lingine. Yule mtoto wake akatamani angemfokea.

Ndipo Mbonea alipokwenda kwa Nakijwa. Alimkuta uani anachambua mbegu. Zamani mwanamke huyu alimwita Mbonea tu, kwa kuwa alimzidi umri kama miaka minane. Siku ile alimwambia, "Karibu, mheshimiwa," akamsogezea kigoda, na Mbonea akajua amewekwa mbali.

"Dada, nina shida. Jumamosi kuna mkutano wa hadhara. Nataka uje uwaambie watu masale yalikuwa wapi."

"Niwaambie kama nani?"

"Kama mlinzi."

"Mlinzi ni Magesa."

Mbonea akatoa karatasi yake. "Mimi nilipinga, dada. Tazama, imeandikwa."

Nakijwa akajipangusa mikono, akaisoma polepole kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha akamrudishia.

"Hii ni ya mwezi wa nane. Ile ya mwezi wa nne umeiacha wapi?"

"Ile ilihusu ajira. Hii inahusu ardhi."

"Karatasi ya ardhi ililetwa mara tatu nikiwa kazini. Ilipita?"

"Haikupita."

"Basi ile ya mwezi wa nne ndiyo iliyohusu ardhi."

Kuku walikuja wakadonoa mbegu miguuni pa Mbonea, naye hakuwafukuza.

"Nikuulize, na unijibu mimi tu," Nakijwa akasema. "Ulinitoa kwa sababu ya cheti?"

Alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini macho ya yule mwanamke hayakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomshinda.

"Nilikutoa kwa sababu ya tope," akasema, na aibu ikampanda hadi masikioni.

"Jumamosi nitakuja," Nakijwa akasema. "Lakini sitafungua mdomo kabla wewe hujaufungua wako."

Jumamosi watu walijaa hadi nje ya uwanja wa ofisi ya kata. Senkondo alikuja, Magesa alikuja, na Nakijwa alikaa nyuma pamoja na wanawake. Hotuba zikaanza, ndefu, za tabianchi na za ongezeko la watu. Katikati ya hotuba hizo Bibi Namsifu akasimama na fimbo yake.

"Samahani mwenyekiti, mimi sikusoma na sina cheo. Nina shamba la mkiani, na limekufa. Nataka kujua jambo moja nirudi nyumbani. Nani aliugawa msitu?"

Senkondo akasema halmashauri haikugawa, ilipokea taarifa ya mtaalamu. Watu wakamgeukia Magesa. Kijana wa watu akasimama, akasema sahihi ni yake, hakatai, lakini masale aliyakuta pale yalipokuwa, na hakukuwa na mtu wa kumwambia vingine. Aliposema hivyo wengine wakaanza kumzomea.

Mkono wa Mbonea ulikuwa mfukoni, umeshika ule muhtasari. Angeutoa tu. Mama yake alikuwa bado amesimama, akingoja jibu, na Mbonea aliona kwamba yule kijana angeondoka Ikweme na jina la mwizi wa msitu maisha yake yote. Akasimama.

"Mwacheni," akasema. "Mama, aliyeugawa ni mimi."

Senkondo akasema kwa sauti ndogo, "Mheshimiwa, wewe ulipinga, tuna muhtasari."

"Nilipinga mwezi wa nane, wakati msitu umeshakwenda. Mwezi wa nne tulipiga kura ya kumtoa Nakijwa. Tulikuwa tano kwa tano, na mkono wa sita ulikuwa wangu. Nilijua yeye ndiye pingamizi pekee tulilokuwa nalo. Nilimtoa kwa sababu alinifanya nizoe tope mbele yenu. Huyu kijana alikuta mlango umeshafunguliwa. Mtoa mlinzi ndiye mgawa msitu, mama. Na mlinzi nilimtoa mimi."

Bibi Namsifu alimtazama mwanawe. Hakulia, hakumlaani. Akasema, "Nimesikia," akaketi.

Hapo Nakijwa akainuka, akawaongoza watu kwenda Kandewe, akaonyesha sale moja moja lilikotolewa. Mashimo mengine yalikuwa bado hayajafukiwa vizuri. Viwanja ambavyo havijakatwa miti vilirudishwa, na halmashauri ikamrudisha Nakijwa kazini, na Magesa akaombwa abaki chini yake ajifunze. Alibaki. Ikaandikwa pia kwamba mlinzi wa chanzo haondolewi kwa kura za barazani kabla wenye mfereji hawajaambiwa. Mbonea hakugombea tena. Lakini upande wa juu ulikuwa umeshakatwa, na miti ile ilikuwa imepandwa na watu ambao wajukuu wao ni wazee leo. Halmashauri inaweza kurudisha mtumishi kwa barua. Mti mkubwa haurudi kwa barua, wanangu.

Maji hayakufika tena mkiani. Bibi Namsifu aling'oa vikonyo vya maharage, akapanda mihogo, na aliishi miaka saba mingine kwa mihogo hiyo, kando ya mfereji mkavu. Wageni walipopita wakamuuliza bibi, nani aliyewafanyia hivi, hakumtaja Senkondo, wala Magesa, wala wale waliong'oa masale. Alisema, "Ni mwanangu niliyemzaa." Wakishangaa na kumuuliza kama mwanawe alikuwa na shoka, aliwajibu kwamba hapana, mwanawe aliinua mkono tu. Mtoa mlinzi ndiye mgawa msitu.